Riwaya pendwa za Ayalandi au urithi wao wa kale: uanze na kipi?

Kuna swali linanijia mara kwa mara kutoka kwa watu wanaojua mi ni mteja mkubwa wa mambo ya Ayalandi. Mtu kaona siriz moja, au kasikia filimbi fulani kwenye muvi, kanogewa, sasa anataka kuzama zaidi na hajui aelekee wapi, ashike hizi riwaya pendwa zao za kisasa au arudi kwenye asili kabisa, mashujaa wa kale, kinubi, makaburi ya mawe, hadithi za bibi na babu. Jibu langu nalitoa hapa hapa juu ili mwenye haraka aondoke nalo: ukitaka kusoma, chukua riwaya, na ukitaka urithi, usiuanze kwa kitabu. Watu wanavipanga hivi viwili kitabu kwa kitabu, urithi unashindwa vibaya, wanasema unaboa, kumbe wameupima kwa mzani usio wake.

Haya twende taratibu.

Upande wa riwaya kuna nini

Mama lao ni Maeve Binchy, hapo sina mjadala na mtu. Alikuwa mwalimu, akawa mwandishi wa gazeti la The Irish Times, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1982, alifariki 2012 na vitabu vyake vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 40 duniani. Ukimsoma unaelewa sababu haraka sana. Hakuna bunduki, hakuna bilionea, ni watu wa kijiji kimoja au mtaa mmoja, nani kaonekana na nani, nani kadaiwa dukani akanyamaza, mama fulani anajua nini kuhusu mume wa fulani na kwa nini hasemi. Circle of Friends ya 1990 ni mabinti wawili, Benny na Eve, wanatokea kijiji cha kubuni kinaitwa Knockglen, miaka ya 1950, wanaenda chuo Dublin na huko ndo mapenzi na usaliti vinawakuta. Ni umbea jamani, tusidanganyane, ila ni umbea wenye huruma, umbea wa mtu anayewapenda hao anaowasema. Na vitabu vyake ndo hivyo unavyokutana navyo kwenye meza za vitabu vya mitumba, jalada limekunjwa, kurasa za njano, unanunua kwa bei ya kawaida tu.

Anayemfuata kwangu ni Marian Keyes, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu watu wanamdharau kwa majalada yake ya rangi rangi. Ana familia moja ya kubuni, wakina Walsh, dada watano na mama yao mwenye mdomo, na vitabu kadhaa vinapokezana hao dada mmoja mmoja. Rachel's Holiday ya 1997 ni ya Rachel, anaishi New York, madawa yamemzidi, familia inamrudisha nyumbani aende kituo cha kuacha, na yeye anakubali kwa sababu kichwani anaamini ni mahali pa jakuzi na kusingwa na masupastaa wanapita pita kwenye korido. Unacheka, unacheka, halafu taratibu unagundua huyu anayekusimulia anakudanganya, tena anaanza kwa kujidanganya mwenyewe, na kila ulichocheka nyuma huko kinageuka. Keyes mwenyewe ameshasema hadharani kwamba pombe ilimshinda mpaka akatibiwa, kwa hiyo haandiki vitu vya kuhadithiwa. Kama una ndugu mwenye tatizo hilo, hiki kitabu kitakuchoma sehemu ambayo hukuitegemea.

Wengine nawapitia haraka. Cecelia Ahern aliandika PS, I Love You ya 2004, mume amekufa ila kaacha barua za kumuongoza mjane wake, baba yake Cecelia alikuwa waziri mkuu wa nchi wakati kitabu kinatoka, muvi ikafuata 2007, mimi kwangu ni tamu kupita kiasi lakini najua watu wazima waliolia nayo. Tana French ni wa upelelezi, huyo nitamrudia. Sally Rooney wa Normal People ya 2018 sina hakika hata kama aitwe pendwa, wasomi wanamtaka na mabinti wa chuo wanamtaka, kila mtu anavutia kwake, ila kwa jinsi alivyosomwa simuachi nje.

Upande wa urithi

Hapa ndo balaa lenyewe, maana si kitu kimoja. Kuna hadithi za kale za mashujaa na miungu ambazo watawa waliziandika enzi za kati kutoka midomoni mwa watu. Kuna Kitabu cha Kells cha karibu mwaka 800, kipo Trinity College pale Dublin, hicho ni injili nne kwa Kilatini zenye michoro ya kukutoa macho na watu wanaenda kukitazama, hakuna anayekwenda kukisoma. Kuna Newgrange, kaburi la mawe la karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, yaani limezipita umri piramidi za Giza, limejengwa hivi kwamba asubuhi za siku fupi kuliko zote za mwaka, Desemba kwenye tarehe 21 hivi, mwanga wa jua unapenya kwenye tundu juu ya mlango mpaka chumba cha ndani kwa kama dakika 17 halafu basi. Kuna muziki, kuna mchezo wa fimbo na kampira unaoitwa hurling, kuna lugha yenyewe ya Kiayalandi. UNESCO wamekuwa wakiviandikisha kimoja kimoja, zumari la uilleann mwaka 2017, hurling 2018, kinubi 2019.

Sasa mtu akikwambia anataka kusoma urithi wa Ayalandi ni kama mgeni atue kwetu aseme anataka kusoma ngoma. Anaweza, vitabu vipo, ila anakosa nusu ya kitu.

Ladha yake, kimoja kwa kingine

Kinachovutia kwenye riwaya pendwa zao ni maongezi. Hawa watu wanaongea. Msiba unatokea, chai inachemshwa, na katikati ya msiba mtu anatoa kichekesho kikali kuliko vyote kwenye kitabu na hakuna anayekiona kama utovu wa adabu. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo halina ugeni wowote, aliyewahi kukaa jikoni kwenye shughuli akasikia wanawake wanavyoongea anajua ninachosema.

Ila usidhani hadithi za kale ni za kupiga magoti na kusali. Ile kubwa kuliko zote, Táin Bó Cúailnge, inaanzia kitandani. Malkia Medb na mumewe Ailill wamelala, mume anamchokoza kwamba mwenzangu tangu nikuoe mambo yako mazuri, malkia hakubali, wanaanza kulinganisha mali, vyombo, pete, nguo, kondoo, farasi, nguruwe, kila kitu kinaletwa kinahesabiwa na vinalingana, mpaka wanafika kwenye ng'ombe, mume ana dume moja la pembe nyeupe ambalo mke hana la kulilinganisha. Basi. Vita nzima inatokea hapo, malkia anakusanya jeshi kwenda Ulster, jimbo la kaskazini, kulichukua dume la kahawia lililoko huko ili tu asizidiwe na mumewe. Nani ameleta nini kwenye ndoa! Hiyo mada ingekuwa status ya WhatsApp leo na watu wangejibizana usiku kucha.

Na sisi tulioonja tenzi za Pwani tuna mlango wetu wa kuingilia. Shujaa wa hiyo Táin anaitwa Cú Chulainn, na kifo chake kikoje, amejeruhiwa, anajifunga kwenye jiwe refu lililosimamishwa ili afe amesimama, maadui wanamuona pale na silaha yake wanaogopa kumsogelea, mpaka kunguru anapotua begani kwake ndo wanajua kaisha. Umeshaanza kumkumbuka mtu? Fumo Liyongo, amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, anakwenda kisimani anapiga goti na upinde mkononi na mshale tayari, anakufa hivyo hivyo, na watu wa mji wanakosa maji kwa kumuogopa maiti. Mmoja kauliwa na mwanawe, mwingine, huyo Cú Chulainn, ndiye aliyemuua mwanawe wa pekee. Sisemi kuna aliyemuiga mwenzake, hapana, bahari zilizo katikati ni nyingi mno, nasema ukishamjua Liyongo hutaingia Ulster kama mgeni. Sanamu ya Cú Chulainn akiwa kwenye lile jiwe na kunguru begani ipo jengo la Posta Kuu Dublin, palepale palipokuwa makao makuu ya waasi waliotaka uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1916.

Ugumu ni mkubwa upande wa urithi, hapo sifichi. Majina yatakutoa jasho, yanaandikwa hivi yanatamkwa vile. Hadithi haina mwandishi mmoja kwa hiyo toleo hili linasema hivi na lile linasema vingine. Halafu ndani ya Táin kuna kurasa za majina ya mahali na nani kafia wapi, unahisi unasoma daftari la tarafa. Matoleo ya bure mtandaoni mengi ni ya zamani, ya Lady Gregory ya 1902 kwa mfano, Kiingereza chake kimepinda makusudi kufuata uongeaji wa wakulima wa kule na kinachosha usipokizoea. Toleo la mshairi Thomas Kinsella la 1969 ndo ningekupa mimi, kavu, kali, halina mapambo. Riwaya pendwa Kiingereza chake ni cha kawaida, aliyefika kidato cha nne na anapenda kusoma anazimaliza, labda Rooney ambaye haweki alama za kunukuu kwenye mazungumzo na inabidi ukae macho nani anaongea.

Ugomvi wa zamani kati ya hivi viwili

Kitu hiki mi nakiona cha muhimu na ndo maana sikubali ule ushauri wa "soma vyote ni sawa tu". Kwao wenyewe havikuwa sawa. Walipopata dola yao mwaka 1922, serikali mpya ilitaka nchi yenye sura yake, Kiayalandi kishike mashuleni, mila zihifadhiwe. Mwaka 1929 wakatunga sheria ya kuchuja machapisho na baada ya hapo riwaya nyingi za waandishi wao wenyewe zikapigwa marufuku. Mwaka 1935 dola hiyohiyo ikaunda tume ya kukusanya fasihi simulizi. Yaani mkono mmoja unafungia riwaya, mkono mwingine unatembeza watu vijijini kurekodi hadithi za wazee. Edna O'Brien alipotoa The Country Girls mwaka 1960, mabinti wawili wa kijijini wanaotaka kuishi maisha yao, kikafungiwa. Sasa hizi riwaya za mabinti na familia na vitanda tunazoziita nyepesi leo, kuna waliolipa gharama ili ziandikike.

Lakini hiyo tume nayo ilifanya kazi ya ajabu, lazima niseme. Kati ya 1937 na 1939 watoto kutoka shule za msingi zipatazo 5,000 waliambiwa waende nyumbani wamuulize bibi, babu, jirani mzee, waandike kwenye daftari: visima vitakatifu vya hapa, dawa za kienyeji, vitendawili, mizimu, michezo, hali ya hewa ilivyotabiriwa, nani alikuwa mtu mwenye nguvu kijijini. Ikatoka kurasa kama 740,000. Nyingi sasa ziko bure mtandaoni kwenye tovuti ya dúchas, unaziona kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe na nyingi zimeshachapwa upya na watu wa kujitolea, nyingi za Kiingereza pia. Hiki ndicho kitabu pekee cha urithi ninachoweza kukwambia uanze nacho, na wala si kitabu. Unafungua unachagua wilaya yoyote, unasoma ukurasa mmoja wa mtoto anayeeleza namna ya kutibu chunjua, unafunga, unaendelea na kazi zako. Watoto wa kaunti sita za kaskazini hawamo kwa sababu huko ilikuwa chini ya Uingereza.

Mfano wa urithi ulioharibiwa kwa kufanywa kitabu ni Peig Sayers. Huyu mama aliishi kisiwa cha Great Blasket, magharibi kabisa, alijua mamia ya hadithi na wakusanyaji walikuwa wanavuka bahari kumfuata. Mwaka 1936 kikatoka kitabu cha maisha yake alichomsimulia mwanawe akaandika, kikaingizwa shuleni kama kitabu cha lazima kwa miongo mingi, na vizazi vya wanafunzi wakakichukia kwa moyo wote, mvua, umaskini, misiba, mtihani. Waliotahiniwa kwa vitabu vya lazima fomu foo wanaelewa. Na yule aliyekuwa anachekesha watu mpaka usiku wa manane mbele ya moto akageuka alama ya kuchosha. Kisiwa chenyewe kilihamwa 1953, watu wa mwisho wakaondolewa, hakukaliki.

Huzuni

Pande zote zina huzuni na chanzo kikubwa ni kimoja, kuondoka. Njaa Kuu ya 1845 mpaka 1852, viazi viliooza mashambani, ikaua kama watu milioni moja na wengine kama milioni moja wakapanda meli. Baada ya hapo kuondoka kukawa mila. Walikuwa na kitu wanaita mkesha wa Marekani, kijana anaondoka kesho na meli, usiku huo nyumba inakesha kama msiba, watu wanakunywa, wanacheza, wanalia, kwa sababu walijua hawatamuona tena, ni matanga ya mtu aliye hai. Ukisoma hilo kwenye kitabu cha mila ni aya moja na nusu. Sasa chukua Brooklyn ya Colm Tóibín ya 2009, binti anaitwa Eilis anaondoka Enniscorthy miaka ya 1950 kwenda New York, na kitabu kizima ni hiyo aya moja na nusu imefunguliwa, upweke wa chumba cha kupanga, barua za mama, kurudi likizo na kukuta nyumbani kumekuwa kuzuri kuliko ulivyokuacha. Walioko Muscat au Minneapolis wakikisoma hiki wajiandae. Kwenye muvi yake ya 2015 kuna sehemu Eilis anasaidia kugawa chakula cha Krismasi kwa wazee wa Kiayalandi waliojenga barabara na madaraja ya Marekani wakazeekea huko bila mtu, mmoja anasimama anaimba wimbo wa Kiayalandi, sauti tupu, hakuna chombo hata kimoja. Ule uimbaji ndo sean-nós, urithi halisi kabisa, na nadhani watu wengi duniani wameusikia mara ya kwanza pale, ndani ya muvi iliyotokana na riwaya.

Claire Keegan naye nimuweke hapa ingawa yeye ni fasihi nzito kuliko pendwa. Small Things Like These ya 2021 ni kijitabu, unakimaliza kwa kikao kimoja, muuza makaa wa mji wa New Ross mwaka 1985 anapeleka mzigo kwenye nyumba ya masista na anachokiona humo. Zile nyumba za kufulia za Magdalene zilikuwepo kweli, wasichana wakifungiwa na kufanyishwa kazi, ya mwisho ilifungwa 1996, serikali ikaomba radhi 2013. Kwa sisi ambao tumesomeshwa na masista na mabradha wa kutoka Ayalandi, na Kenya wapo wengi sana, hiki kitabu kinakuweka njia panda, unajua wema wao na unasoma upande mwingine.

Pale vinapokutana

Mwaka 1999 kule kaunti ya Clare barabara kubwa ilikuwa ipite mahali penye kichaka cha mti wa miiba ambacho wenyeji wanaamini ni cha viumbe wao wasioonekana, ile jamii ya majini wa kwao wanaoishi vilimani. Msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan akapiga kelele magazetini, kukatwa huko kutaleta balaa, na wajenzi wakakiacha kichaka. Kwetu mbuyu wenye mizimu ungepata heshima hiyohiyo, au zamani ungeipata.

Sasa In the Woods ya Tana French, 2007, inaanzia kwenye mazingira ya aina hiyo. Mwili wa msichana unaokotwa kwenye jiwe la kale mahali wanapochimba mabaki ya kihistoria kabla barabara kuu haijapita juu yake, na mpelelezi aliyepewa kesi alikulia palepale na marafiki zake wawili walipotea kwenye msitu huo akiwa mtoto. Wakati kitabu kinatoka nchi ilikuwa inagombana kweli kuhusu barabara ya M3 karibu na kilima cha Tara, makao ya wafalme wa kale. Kwa hiyo unasoma upelelezi safi wa polisi na maswali ya mahojiano, na chini yake kuna swali la nani ana haki na ardhi ya mababu, serikali na makandarasi au wafu. Kama ningelazimishwa kumpa mtu kitabu kimoja tu kinachobeba pande zote mbili kingekuwa hiki. Onyo, kuna swali moja kubwa mwandishi halijibu hata ukifika mwisho, watu wamekitupa kitabu ukutani kwa hasira, mi nilipenda.

Muda na pesa

Binchy mmoja ni kurasa mia tano na zaidi, safari ya basi Dar mpaka Mwanza na bado unabaki. Keyes hivyo hivyo mnene. Keegan ni mwembamba ila bei haimjali msomaji, unalipa kama mnene. Urithi kwa kiasi kikubwa ni bure, unachokula ni bando tu, ila muda wake ni wa kipande kipande na haukupi ile raha ya kufika mwisho. Kwa mtu anayependa kumaliza kitu hilo linasumbua kweli.

Basi wewe ni nani

Kama umechoka na kazi na unataka kitu cha kukulaza vizuri, Binchy, anzia Circle of Friends au Evening Class ya 1996, watu wa mtaa wa kawaida Dublin wanaojiandikisha kujifunza Kitaliano jioni. Kama uko kwenye kipindi kigumu usiambiwe na mtu kwamba Keyes ni mwepesi, mchukue. Mwenye kupenda upelelezi kashajibiwa.

Kama una watoto acha vitabu vyote hivyo. Studio ya Cartoon Saloon ya mji wa Kilkenny imetengeneza katuni tatu kutoka hadithi zao, The Secret of Kells ya 2009, Song of the Sea ya 2014 na Wolfwalkers ya 2020, za kuchorwa, haziharakishi, na watoto wangu hawakuhitaji kuelezwa nani ni nani. Song of the Sea ni ya mtoto anayeweza kugeuka sili wa baharini na kaka yake asiyempenda mwanzoni, habari ya huyo kaka ndo inawashika. Ukitaka ya kusimulia kwa mdomo usiku, wana wa Lir, mama wa kambo mwenye wivu anawageuza watoto wanne kuwa mabata maji weupe kwa miaka 900 lakini sauti zao za kibinadamu zinabaki, wanaimba. Ukianza na paukwa pakawa haitajulikana kama imetoka mbali.

Kama unataka urithi wa kukuingia mwilini, anza na muziki na mpira. Muziki tafuta video za watu wamekaa mezani baa tu, bila jukwaa, fidla, filimbi ya bati, zumari la uilleann lile la kubana mvukuto kwa kiwiko, na bodhrán ambayo ni ngoma duara ya ngozi ya mbuzi, ukiiona utasema dufu. Usianze na maonyesho makubwa ya ngoma za miguu, Riverdance ya 1994 ni nzuri lakini ile ni ya jukwaani, imesafishwa. Mpira, tafuta fainali yoyote ya hurling pale Croke Park, watu zaidi ya 80,000 uwanjani, wachezaji 15 kila upande na fimbo bapa, kampira kagumu kanaruka kuliko macho yako, goli ni pointi tatu na juu ya mwamba ni moja, na hawa wachezaji hawalipwi mshahara, Jumatatu mtu anarudi kufundisha au kuuza duka. Chama chao ni cha 1884. Na jina la Cú Chulainn lilitokana na mchezo huu huu, alikuwa mtoto anaitwa Setanta, akamuua mbwa wa mhunzi Culann kwa kupiga kampira, akajitolea kulinda yeye badala ya mbwa, ndo jina likaja. Ukishaona mechi moja ndo urudi ukamfungue Kinsella, vita vyake utaviona tofauti kabisa.

Newgrange Desemba kuingia ndani ni kwa bahati nasibu, ila kuna miaka wamerusha mtandaoni moja kwa moja, angalia tarehe zikikaribia.

Na Rooney, kwa wale mnaoniuliza yeye tu, kama mazungumzo yasiyo na alama yanakukera usijitese na kitabu, anza na siriz ya Normal People ya 2020, vipindi 12 vifupi, wikendi moja inatosha, ukimpenda yule kijana ambaye mama yake anafanya usafi nyumbani kwa binti anayempenda kwa siri basi kitabu utakibeba mwenyewe bila kushauriwa na mtu.